Kabla ya Kununua Katriji, Uangalieni Mkono

Wanangu, jambo hili nimelisema mara nyingi, na najua wapo watakaosema mzee ameanza tena. Waseme. Vijana wengi siku hizi wamerudi kwenye santuri, na mimi hilo linanifurahisha kweli. Wanazifufua gramafoni za baba zao, wanazipekua sahani za zamani kwenye masanduku ya jamaa, wanakaa wakasikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha wananijia na swali lilelile: "Mzee, katriji ipi ni nzuri kuliko zote?" Nami huwarudishia swali: mkono wako ni upi? Hapo wengi hunyamaza. Bei wameiangalia, sifa wamezisikia, picha wameziona, lakini mkono utakaoibeba hiyo katriji hawajawahi kuutazama.

Katriji iliyo nzuri kuliko zote haipo, wanangu. Ipo inayopatana na mkono wako, na ipo isiyopatana nao. Nitawaeleza kwa nini, na nitakwenda taratibu.

Sindano imeshikwa na kijiti chembamba, na kijiti kimepachikwa kwenye kipande kidogo cha mpira ndani ya katriji. Mpira huo ndio unaoiruhusu sindano icheze ndani ya mfuo huku mwili wa katriji umetulia. Kutulia kwa mwili ndio msingi wa kazi nzima, kwa kuwa sumaku na koili zilizo ndani hupima tofauti kati ya sindano inayotikisika na mwili uliosimama. Mwili nao ukianza kutikisika, kinachokwenda kwenye amplifaya si muziki peke yake tena.

Kuna mipira laini na kuna migumu. Watengenezaji huutaja ulaini huo kwa namba, nasi tuuite unyumbufu. Namba kubwa ni mpira laini, namba ndogo ni mpira mgumu. Mkono nao una uzito wake, lakini sisemi uzito unaouona ukiuweka kwenye mizani ya duka. Nasema uzito ambao sindano inauhisi inapolazimika kuusukuma mkono juu na chini. Gramu 1 iliyo mbele, pale katriji ilipofungwa, inahesabika yote. Gramu iliyo karibu na egemeo haihesabiki sana. Ndiyo maana lile jiwe la mizani la nyuma, pamoja na uzito wake wote, huongeza kidogo tu, na skrubu mbili za mbele ambazo hakuna anayezifikiria zinaingia kwenye hesabu.

Uzito ukikutana na mpira, unapata kitu chenye mwendo wake wa asili. Mtoto aliye kwenye bembea ukimsukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, atapanda juu sana. Mkono wa gramafoni ni hivyohivyo. Ukisukumwa kwa mwendo wake wenyewe, hupanda na kushuka kupita kiasi, na hakuna amplifaya ya bei yoyote itakayouponya.

Sasa ni nini kinachousukuma? Kwanza ni santuri yenyewe. Ya kasi ya 33⅓ huzunguka mara 0.56 hivi kwa sekunde, na ya kasi ya 45 mara 0.75. Santuri iliyopinda, na kwa joto letu zilizopinda ni nyingi, huuinua na kuushusha mkono mara moja, mbili au zaidi kwa kila mzunguko, hivyo misukumo mingi ya kupinda iko chini ya herzi 6, yaani mara 6 kwa sekunde. Upande wa pili upo muziki. Sikio huanza kusikia kwenye herzi 20 hivi, na waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa herzi 41. Mwendo wa asili wa mkono na katriji yake unapaswa kukaa katikati, pasipo na msukumo wa kupinda wala muziki. Mafundi wamekubaliana kwenye herzi 8 hadi 12.

Hesabu yake haitishi. Jumlisha uzito wa mkono unaohisiwa na sindano, uzito wa katriji na uzito wa skrubu, kwa gramu. Zidisha kwa unyumbufu. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya 159 kwa kipeuo hicho. Tuchukue mkono ambao wengi wenu mnao, wa Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, wenye gramu 12. Ufungeni Ortofon 2M Red, yenye gramu 7.2 na unyumbufu wa 20. Ukiongeza skrubu, unafika gramu 20. Ishirini mara ishirini ni 400, kipeuo chake ni 20, na 159 kwa 20 ni karibu 8. Umo ndani, ingawa mlangoni.

Sasa chukueni katriji laini ya unyumbufu wa 30, yenye gramu 6, muifunge kwenye mkono mzito wa gramu 25. Mtapata herzi 5 hivi, katikati kabisa ya misukumo ya santuri iliyopinda. Mwenye chombo kama hicho na afungue kitambaa cha spika, aweke santuri yenye mpindo kidogo, kisha atazame wufa, ile spika kubwa ya besi, kabla wimbo haujaanza. Ataona karatasi ya spika inakwenda mbele na nyuma polepole, hatua nzima, na sauti hakuna. Nguvu ya amplifaya inaliwa na kitu asichokisikia. Wimbo ukianza, besi inakuwa na tope na sauti ya mwimbaji inayumba.

Tena amulike kwa tochi ubavuni mwa katriji, macho yakiwa usawa wa santuri. Mkono uliopatana na katriji hupanda na kushuka pamoja na mpindo, na nafasi kati ya mwili wa katriji na santuri haibadiliki. Usiopatana nayo huchelewa. Mpindo unapanda, mwili bado uko chini, kijiti kinabanwa mpaka kinakaribia kulala. Kisha mkono unaruka, kijiti kinaning'inia, na sindano inabaki kugusa mfuo kwa bahati tu.

Tabu hii ina historia yake. Mikono ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa mizito, na katriji zake ngumu. Denon DL-103, iliyotengenezwa pamoja na NHK, shirika la utangazaji la Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni ya kizazi hicho. Hukanyaga santuri kwa gramu 2.5, na inataka mkono wenye mwili. Baadaye upepo ukageuka. Shure walitoa V15 mwaka 1964, na V15 Type III mwaka 1973, katriji laini iliyokanyaga kwa gramu 1 hivi. SME wa Uingereza nao wakatengeneza mkono wa Series III, mwepesi wa gramu 5 hivi, kwa ajili ya katriji za aina hiyo. Kila kizazi kilikuwa na akili yake. Mwenye kuchukua katriji ya kizazi kimoja akaifunga kwenye mkono wa kizazi kingine bila hesabu ndiye anayesema santuri ni kelele tupu.

Jihadharini na namba za Japani. Denon huandika unyumbufu wa 5, lakini wameupima kwenye herzi 100. Kwa hesabu yetu mafundi huuzidisha kwa 1.5 hadi 2. Uhesabuni kuwa 10, na kwenye mkono wa Technics mtapata karibu herzi 11, mahali pazuri kabisa. Kwenye mkono wa gramu 5 mtapata 13, na mtahitaji kuongeza uzito mbele. Dawa ndiyo hiyo: katriji ngumu kwenye mkono mwepesi, ongeza gramu kichwani, katriji laini kwenye mkono mzito, tafuta kichwa chepesi zaidi cha kufungia.

Msichanganye uzito huu na ule wa kukanyaga. Ule mnaupanga kwa kulizungusha jiwe la nyuma, nao ni jambo jingine. Na hapa nawasihi, acheni kupunguza mkanyago eti mnaihurumia santuri. Sindano iliyo nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfuo na kuzipasua kuta zake kila inapotua. Mtengenezaji akitaja kiwango, kaeni ndani yake, na mkisita elekeeni upande wa juu.

Umeme nao uhesabiwe. Ile 2M Red hutoa milivolti 5.5, na ingizo la kawaida la santuri linaitosha. DL-103 hutoa 0.3 tu, inataka ingizo lake au transfoma. Ukiisahau hiyo, utainunua kisha utaisikia inanong'ona.

Mtaniuliza, mzee, kwa nini unajichosha? Kwa sababu katriji hununuliwa nyingine, lakini mfuo ukishachimbika hauponi. Santuri nyingi za 45 zilizochapishwa Nairobi hazikuchapishwa tena. Zile za kasi ya 78, kama alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zinataka hata sindano yake pana, maana sindano ya LP inaburuza chini ya mfuo na kuokota vumbi tu. Sahani moja ya namna hiyo ndani ya nyumba huenda ndiyo sauti pekee iliyobaki ya watu waliotutangulia. Anayeicheza kwa katriji isiyopatana na mkono anaifuta kidogo kila jioni, huku akidhani anaienzi.

Basi kabla ya kutoa fedha, kaeni chini na kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni uzito wa mkono wenu kama ulivyo kwenye kitabu chake, uzito wa katriji mnayoitaka, unyumbufu wake na masafa uliyopimwa, mkanyago wake, na milivolti zake. Pigeni hesabu hapohapo. Jibu likiwa kati ya 8 na 12, nunueni kwa moyo mweupe, hata kama ni katriji ya bei ndogo ambayo hakuna anayeisifu. Likiwa nje, iacheni, hata kama ni ya kifahari na imepunguzwa bei. Na muuzaji asiyeweza kukwambia unyumbufu wa katriji anayokuuzia, mshukuru kwa adabu, urudi nyumbani na fedha zako.