Je, Mkristo anaweza kuthamini muziki wa giza?



Ukipita stendi ya Kasulu au sokoni Kibondo, spika zinapiga nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Bongofleva inatawala, na sisi wa Kigoma tuna sababu ya kujivuna, maana Diamond na Ali Kiba wana asili ya kwetu. Leo nataka tutafakari muziki ambao huku karibu hakuna anayeupiga, pamoja na swali la kimaadili unalotuletea.

Kuna kundi la Nairobi linaloitwa Duma. Lilianza na vijana wawili, Martin Khanja mwimbaji na Sam Karugu mpiga gitaa, waliotokea kwenye bendi za metali za jijini humo. Kwa asiyeijua, metali ni tawi kali la roki: magitaa mazito, ngoma za kasi, sauti ya kupasuka. Mwaka 2020 walitoa albamu yenye jina lao, Duma, iliyorekodiwa Kampala na kutolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes. Kwetu duma ni mnyama mwenye mbio; wao wanalitumia jina hilo kwa maana ya giza, kutoka Kikikuyu. Ulaya, wapenzi wa muziki wa majaribio waliipokea vizuri. Hapa nyumbani wengi hawajawahi hata kuisikia.

Tuseme ukweli, si albamu rahisi. Ngoma za kompyuta zinakimbia kuliko mkono wa mtu, gitaa linakwaruza, na Khanja anapiga mayowe badala ya kuimba. Mara ya kwanza unaona fujo tupu. Ukirudia mara ya tatu unaanza kusikia mpangilio: mahali kelele inapojengwa, mahali inapoachiwa.

"Frateri, si muziki wa shetani huo?" Swali halali, sitalikwepa. Wimbo mmoja unaitwa "Pembe 666", na namba hiyo ni ya yule mnyama wa Ufunuo 13. Mwingine unaitwa "Sin Nature", yaani asili ya dhambi. Jina la wimbo peke yake halitoshi kuuhukumu wala kuutakasa. Ila kama unakuvuta kwenye chuki, kujidharau au kuchezea nguvu za giza, zima. Hilo halina mjadala, na hakuna anayelazimika kusikiliza. Swali langu ni hili: kitu kinachoumiza sikio kinaweza kuwa kizuri?

Plato, katika Jamhuri, alitaka tuni za maombolezo zifukuzwe mjini. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatupeleka mbali zaidi. Katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 39, anafundisha kwamba picha huitwa nzuri inapokionyesha kitu kikamilifu, hata kama kitu chenyewe kinachukiza. Hasira, hofu na giza la moyo vipo. Kazi inayovionyesha kwa ukweli na kwa ufundi inastahili kuthaminiwa, na kumpa kila mtu anachostahili ndiyo haki. Idadi ya watazamaji mtandaoni haiongezi stahili hiyo wala haiipunguzi.

Kanisa nalo haliogopi kilio. Zaburi ya 88, inayosaliwa kila Ijumaa katika sala ya kabla ya kulala, inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Haina aya ya mwisho ya kufariji. Lakini tazama: mtunzi analalamika, anauliza, analaumu, na muda wote anasema na Mungu. Katika Duma sisikii mayowe yanaelekezwa kwa nani. Huo ndio upungufu wake mkubwa, na ufundi hauwezi kuuziba.

Sasa, kwa nini jambo hili lituhusu hata tusiopenda roki? Mkumbuke Bartimayo. Umati ulimwambia anyamaze, na huenda kelele zake ziliudhi kweli. Yesu akasimama. Huku kwetu, Nyarugusu imepokea Wakongo waliokimbia vita tangu 1996, na Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Na hata kwenye jumuiya yako yupo kijana aliyefiwa na mama yake, anayesema maneno makali juu ya Mungu. Tunamjibu haraka haraka, "Usikufuru, Mungu ana makusudi yake." Ananyamaza. Baada ya Jumapili mbili haonekani tena. Tulimnyima sikio.

Sidai kwamba albamu itakufanya mtakatifu. Mtu anaweza kuwa bingwa wa muziki mgumu na bado asimsikilize mama yake. Ila sikio lililozoea vitamu tu huchoka mapema penye uchungu, na uvumilivu hauji bila mazoezi. Na kilio kisicho na anwani, sisi tunaoamini tunajua pa kukipeleka.

Basi Ijumaa hii soma Zaburi ya 88 polepole. Kisha mtafute mtu mmoja ambaye malalamiko yake yamekuchosha. Msikilize bila kumkatiza na bila kumhubiria. Usiku mtaje kwa jina mbele za Mungu.

Ee Bwana Yesu, uliyesimama uliposikia kelele za Bartimayo, utupe masikio yasiyokimbia. Amina.