JUMATANO: Baada ya Mstari wa Mwisho

Soma Waebrania 12:1, 2 na 1 Wakorintho 9:24–27. Mkimbiaji anaambiwa aweke kando nini kabla mbio hazijaanza? Na ni nani wanaomzunguka?

Wakorintho waliisoma barua ya Paulo wakijua vizuri alichozungumzia. Karibu na mji wao, huko Isthmia, michezo ilifanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa shada la majani. Majani hunyauka. Hata hivyo Paulo hakuwafundisha kudharau mbio. Aliwaelekeza kumtazama mwanamichezo anavyojizuia katika mambo yote kwa ajili ya kitu kidogo namna ile.

Je, nguvu za mwili zaweza kumwokoa mtu na ulevi? Mwaka 1978 Mkenya Henry Rono, kijana wa Kinandi, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000, na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mwaka 1981 akaivunja tena rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000. Lakini pombe ilimshika. Miaka iliyofuata ilimmalizia fedha, na kuna nyakati alikosa hata mahali pa kulala, katika Marekani ile ile iliyokuwa imemshangilia. Aliingia vituo vya matibabu, akatoka, akaingia tena. Hatimaye aliacha, na alipokaribia umri wa miaka 55 akaanza kukimbia upya, mwili ukiwa umekuwa mzito. Alifariki Februari 2024.

Tutulie hapa kidogo. Mapafu yale na miguu ile havikuweza kumtoa kwenye chupa. Mazoezi ni msaada mkubwa kwa anayepona, lakini si mwokozi. Na mbio zile za utu uzima, ambazo hakuna uwanja uliojaa kuzitazama, mbele za Mungu zaweza kuwa na uzito kuliko zile rekodi nne.

Sasa tuje nyumbani, Mwenge. Jumapili alfajiri, kabla jua halijawa kali, vikundi vya jogging hupita Barabara ya Sam Nujoma vikiimba, daladala zikivisubiri vipite. (Ni heri mbio nyingi hufanyika Jumapili, ndugu yetu halazimiki kuchagua kati yake na Sabato.) Tuseme katikati yao yupo mshiriki aliyeacha pombe miezi minne iliyopita. Anajiandaa kwa kilomita tano, mbio zake za kwanza. Amenunua raba za mtumba, analala mapema, na mkewe ameanza tena kumwachia fedha ya matumizi mkononi.

Kilomita tano atazimaliza, hata kwa kutembea. Hatari ipo baada ya mstari wa mwisho. Pale kuna muziki, kuna nyama choma, na mara nyingi kuna bia ya baridi. Amechoka, ana kiu, ana furaha ambayo hajaionja kwa miaka, na rafiki mwenye nia njema anamwambia, "Moja tu, leo umestahili." Tumezoea kufikiri kwamba mlevi hurudi nyuma kwa huzuni. Wengi hurudishwa na furaha. Soma Mithali 23:29–35 uone jinsi kinywaji kinavyovutia kikiwa bado kwenye kikombe, na jinsi aliyepigwa anavyoamka akikitafuta tena. Viroba vilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tunashukuru. Lakini sheria haiwezi kusimama kando ya mtu dakika ile.

Anayeweza kusimama ni kanisa. Wingu la mashahidi katika Waebrania ni watu waliokwisha kukimbia wenyewe, wakajua uchungu wa njia. Sisi hupiga makofi na kusema "Amina" ndugu anaposhuhudia Sabato asubuhi, kisha Jumapili tunamwacha aende peke yake. Dafu moja na mtu wa kurudi naye nyumbani vyaweza kufaa kuliko mahubiri.

Neno kwa anayekunywa kila siku na anataka kuacha baada ya kusoma lesoni hii: usikate ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe unaweza kupatwa na degedege, hata kifo. Nenda hospitali kwanza, ukisindikizwa. Kumwona daktari si upungufu wa imani.

Na akianguka? Mithali 24:16 haisemi mwenye haki hajawahi kuanguka. Inahesabu mara ngapi.

Fikiri: Je, darasani mwenu yupo anayepona ulevi? Jumapili ya mbio zake, nani ataamka saa kumi na moja alfajiri kwenda naye, na atabaki naye hadi saa ngapi?