Kuaminika kwa Tovuti na Lawama kwa Aliyetapeliwa

Tovuti huaminika pale anapokuwepo mtu au taasisi inayoweza kuwajibishwa kwa kilichoandikwa humo. Jina la mwandishi, tarehe, anwani na lugha safi, mambo yanayofundishwa katika somo la TEHAMA, ni dalili tu za kuwepo kwa mwajibikaji huyo, na yanafahamika vya kutosha. Linalohitaji kuchunguzwa ni hukumu anayopewa mwanafunzi aliyekosea kuzisoma: kajitakia.

Tovuti bandia za ajira zinaonyesha hukumu hiyo ilivyo. Buhare, mjini Musoma, kuna Chuo cha Maendeleo ya Jamii, na wahitimu wa vyuo kama hicho huzisaka nafasi za kazi kwenye simu. Ukurasa wa kitapeli huwa na nembo ya taifa juu, orodha ndefu ya kada katikati, na chini kabisa namba ya simu ya kulipia "ada ya fomu". Anayetuma hela huchekwa. Huambiwa kaponzwa na tamaa, kwamba mwenye macho haambiwi tazama, na kwamba nchi nzima inaujua ule ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Hukumu hii inajifanya busara, na ndiyo inayoharibu ufundishaji wote. Kwanza, kuomba kazi si tamaa. Pili, kuamini si udhaifu wa wachache: mgonjwa humeza kidonge ambacho hamjui mtengenezaji wake, na abiria wa Musoma kwenda Mwanza hapandi basi baada ya kukagua breki. Akiumia, anayeulizwa ni dereva na mwenye basi. Mtandaoni tu ndipo abiria anapogeuzwa mshtakiwa.

Tatu, macho hayatoshi. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa utafiti uliowapima watu 45 kwa kuwapa tovuti wazikague: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki kwenye ukurasa wenyewe, wakahadaiwa na nembo na majina mazito. Wahakiki walitoka mapema, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini juu ya tovuti ile. Hakuna anayemwambia mwanahistoria mwenye uzamivu kwamba kajitakia.

Nne, kutoka huko nje ya ukurasa kunakula MB. Mwenye kifurushi cha siku hupima kila ukurasa anaoufungua, na shule nyingi za sekondari haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, hivyo tovuti hufundishwa ubaoni. Tano, kicheko humziba mdomo aliyeibiwa. Asiposema, ukurasa uleule humngoja mwenzake. Tapeli hana wakala mzuri kuliko aibu hiyo.

Upande wa pili nao una hoja zake. Kwamba shaka ikizidi mtu hukataa hata la kweli, ni hoja ya haki. Kwamba mwalimu ana muhtasari wa kumaliza, nayo ni kweli.

Wanazuoni wa Hadithi, yaani mapokeo ya Mtume Muhammad, walilishughulikia tatizo hili la nani wa kuaminiwa karne nyingi kabla ya intaneti. Kwa kina Bukhari, aliyefariki mwaka 870, kauli haikupokelewa kwa utamu wake. Iliulizwa isnadi yake: nani kapokea kwa nani, je, walikutana, kumbukumbu zao zikoje. Viliandikwa vitabu vizima vya wasifu wa wapokezi, na aliyejulikana kwa uongo alitajwa kwa jina. Kwa kipimo hicho, kauli nyingi zinazosambazwa zikiwa na picha ya Mwalimu Nyerere zingeanguka mara moja, kwa kuwa hazitaji mwaka wala mkutano, ilhali hotuba zake zilirekodiwa na kuchapishwa. Katika elimu ile aliyehojiwa ni msimulizi. Msikilizaji wa kawaida aliwategemea waliobobea, yaani naye aliamini.

Taasisi nazo zinaweza kubeba sehemu ya mzigo. Anwani inayoishia na .go.tz hupewa taasisi za serikali, na Sekretarieti ya Ajira hupokea maombi ya kazi kupitia mfumo wenye anwani ya namna hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na leseni. Lakini orodha hutaja majina ya jana, na anwani ya serikali huonyesha wa kuulizwa bila kuthibitisha kila kilichomo. Mwanafunzi hana budi kuchunguza, na uchunguzi wake humfikisha kwa mwingine wa kumwamini. Shule ikimfundisha bila kumpa MB, na dola ikiorodhesha bila kumkamata tapeli, kila upande utaendelea kudai kwamba umetimiza wajibu wake. Nani kati yao aanze kudaiwa ni suala ambalo ufafanuzi wa kuaminika kwa tovuti, peke yake, hauwezi kuliamua.