Libasi ya Kuigwa na Nafsi ya Mvaaji

Kijana wa Singida mjini ambaye jioni huketi juu ya benchi la kibanda umiza akitazama filamu ya ng'ambo iliyotiwa Kiswahili, na asubuhi akamtaka kinyozi amnyoe kama mwigizaji yule, je, amebadili nywele tu, ama na nafsi yake? Swali hili si la leo: mwaka 1969, kwa Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kwa itikadi kwamba libasi za kigeni huvunja heshima ya Mwafrika, nami, ingawa naistahi ghera ile, naona ilimhukumu mtu kwa kitambaa kabla ya kuiuliza nia yake, ilhali Waislamu na Wakristo sote twafunzwa kwamba Mola hutazama moyo.

Mtazame fundi cherehani: mteja humwonyesha katika simu gauni la filamu ya Kibongo, naye, chaki mkononi, huteremsha pindo, hurefusha mikono, huweka kitenge mahali pa hariri, hata likawa gauni jingine kabisa. Hiyo ni ijtihadi, si utumwa.

Ninalolihofia si libasi, bali ni tabia za filamuni tuzipokeazo bila kuzitia mizanini, maadamu zimesemwa kwa lugha yetu. Mzazi amgombezaye bintiye kwa urefu wa sketi, kisha usiku akacheka pamoja na bintiye huyo mtumishi wa filamuni anapopigwa kofi, heri angeanza kwa kulikemea kofi lile.