MPATANISHI NI MMOJA: NABII HACHUKUI NAFASI YA YESU

Masomo: 1 Timotheo 2:5-6, Hesabu 21:4-9, 2 Wafalme 18:4, Matendo 12:1-11

 

Safari hii hatuleti fundisho jipya. Tunarudi kwenye lile la kwanza, ambalo kila mtu hufundishwa kabla ya kushuka mtoni kubatizwa. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba Mungu ni mmoja, na anayesimama kati ya Mungu na binadamu naye ni mmoja tu, Kristo Yesu, aliyetoa uhai wake kulipa deni letu sote. Mtu atasema: hilo tunalijua tangu shule ya Jumapili. Ndiyo, kwa mdomo tunalijua. Lakini tusikilize maombi yetu wenyewe. Siku hizi katika vikundi fulani sala inaanza kwa Baba wa mbinguni, inapita kwa Baba Nabii mwanzilishi, na wakati mwingine inafika Amina bila kumkuta Yesu njiani. Tuangalie pia nyumba zetu. Maji ya maombi yanawekwa katika chupa juu ya kitanda cha mtoto, na Biblia iko chini ya nguo ndani ya sanduku.

Tungeandika haya kama watu wanaowaonya wengine, lakini sisi mashemasi ndio tulioanguka kwanza. Ni lazima tuwaambie.

Miaka michache iliyopita, vita vilipokaribia tena barabara ya kutoka Nyabiondo kwenda Walikale, kijana mmoja wa korali alikuja kwetu usiku. Jina lake hatulitaji. Wenzake walikuwa wamekwisha kwenda kwa mganga, wamechanjwa chale, wamemwagiwa maji, tayari kuingia porini. Yeye aliyakataa maji ya mganga kwa sababu ni Mkristo. Akatuomba: baba zangu, nimwagieni yale ya kanisa, hayo ni safi. Basi tulimwagia. Tulitaja jina la Yesu, hatukatai, lakini tulijua vizuri kijana anabeba nini moyoni mwake. Alikuwa anabeba neno kwamba risasi haitampata. Nasi tulimwacha aondoke nalo.

Hazikupita siku nyingi akaletwa juu ya machela, amekwisha kufa.

Mama yake alipotuuliza, mmoja wetu alimjibu kwamba labda mtoto alivunja mwiko, labda aligusa mwanamke, labda alichukua mbuzi wa mtu. Wengine tulinyamaza. Ndugu, lile jibu halikutoka katika Biblia. Ndilo jibu la mganga kila dawa yake inaposhindwa: dawa ni nzuri, aliyekufa ndiye mbaya. Mpiganaji haruhusiwi kuiba, haruhusiwi mwanamke, mboga fulani asile, mtu wa nje asimguse, na akianguka ni lazima ipatikane sheria aliyoivunja. Siku ile sisi tulikuwa waganga waliovaa kanzu nyeupe.

Tumeanza kwa kisa hiki kwa sababu kinaonyesha namna mtu mwingine anavyochukua nafasi ya Yesu. Ni wachache wanaoamka asubuhi na kusema, leo namwondoa Kristo. Jambo huingia polepole, na mara nyingi huingia kupitia mahitaji ya kweli.

Nchi yetu hii imekwisha kuliona. Katika mwaka 1944, wazee wetu waliona maasi ambayo vitabu vya historia vinayaita ya Masisi-Lubutu, na Walikale iko katikati ya miji hiyo miwili. Wakati ule ilikuwa vita kuu ya dunia, na Wabelgiji walitaka mpira, madini, na kazi juu ya kazi. Tangu mwaka 1942 siku za kazi ya lazima zilipandishwa hadi 120 kwa mwaka. Watu walikwenda msituni kutafuta mpira huku mashamba yao yakiota majani. Katika uchungu huo mafundisho ya Kitawala yaliyotoka Katanga yaliwakuta Wakumu wamechoka, na akasimama mtu anayeitwa Bushiri Lungundo. Alitangaza kwamba utawala wa mzungu unakwisha. Sisi hatumcheki. Kilio cha watu wale kilikuwa cha haki, na Mungu aliyesikia kilio cha Israeli katika Misri hakuwa kiziwi kwa Lubutu. Lakini Bushiri hakutosheka kuwa sauti ya kilio. Alijiita Mulumozi wa Yesu, maana yake aliyeshika nafasi ya Yesu. Askari wa Force Publique walikuja, maasi yakazimwa kwa nguvu, Bushiri akakamatwa, na watu waliomfuata wakabaki na makaburi na vifungo. Mwenye nafasi ile hakuihitaji ijazwe. Kiti chake hakikuwa wazi.

Miaka karibu 40 kabla ya hapo, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji akisema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Ndiyo vita ya Maji Maji iliyoanza mwaka 1905. Kinjikitile alinyongwa mwaka uleule wa 1905, na wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa hadi vita kwisha ni watu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Huko nako kilio kilikuwa cha kweli. Maji ndiyo hayakuwa na neno la Mungu.

Basi mtu atauliza: je, ninyi wa kanisa lililoanzishwa na nabii, mnataka kumkana nabii wenu? Hapana. Mungu aliwaita watu wa Afrika bila kuomba ruhusa kwa misheni yoyote, na hatutaacha kumshukuru. Simon Kimbangu alipoanza kuponya huko Nkamba tarehe 6 mwezi wa 4, 1921, alifanya hivyo kwa jina la Yesu, akawaambia watu waache sanamu na uchawi. Kwa hiyo alihukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30 hadi kufa kwake Elisabethville mwaka 1951. Tangu mwaka 2023 taifa letu linapumzika tarehe 6 Aprili kwa kumkumbuka. Mtu kama huyo anastahili heshima. Lakini heshima ina mpaka wake, na mpaka huo hatukuuweka sisi. Kornelio alipoanguka miguuni pa Petro, Petro alimwinua akamwambia kwamba yeye pia ni binadamu (Matendo 10:25-26). Yohana alipotaka kumsujudia malaika, malaika alikataa (Ufunuo 22:8-9). Yohana Mbatizaji alipoulizwa kama yeye ndiye Kristo, alikana mbele ya watu wote (Yohana 1:20). Ikiwa malaika amekataa, nabii wa kwetu akubali?

Sasa tufungue Hesabu 21. Nyoka waliwauma Waisraeli jangwani, Mungu akamwambia Musa atengeneze nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti, na kila aliyemtazama alipona. Angalieni vizuri: nyoka yule aliagizwa na Mungu mwenyewe. Hakuwa sanamu ya wapagani. Aliponya kweli. Ndugu zetu wa madhehebu mengine wanapotuambia kwamba maji ya maombi ni uchawi mtupu, tunawajibu kwa sura hiyo, kwamba Mungu anaweza kutumia kitu kidogo. Lakini wengi wetu tunafunga Biblia hapo. Tukisonga mbele hadi 2 Wafalme 18:4, tunakuta kwamba baada ya mamia ya miaka watu walikuwa wanamfukizia uvumba nyoka yuleyule, wamempa na jina, Nehushtani. Mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande, na Biblia inamsifu kwa kazi hiyo. Hakusema kwamba Musa alikosea. Alisema kwa nyundo yake kwamba alama imekula heshima ya mwenye alama.

Na Bwana Yesu mwenyewe, akizungumza na Nikodemo usiku, alisema nyoka yule alikuwa mfano wa kuinuliwa kwake yeye (Yohana 3:14). Kwa hiyo shaba ilikuwa inaonyesha msalaba. Maji yetu nayo, na kanzu zetu, na maono ya wazee wetu, yakionyesha msalaba yana kazi. Yakisimama mbele ya msalaba, yamekuwa Nehushtani.

Tukae kidogo hapa kwenye msalaba, kwa sababu ndio moyo wa imani yetu. Waebrania 10 inafundisha kwamba makuhani wa zamani walisimama kila siku kurudia dhabihu, lakini Kristo alitoa moja, akaketi. Fundi akiketi, kazi imekwisha. Hakuna tone la kuongeza. Dhambi zako hazikufutwa nusu na Yesu, na nusu nyingine ikabaki ifutwe na kufunga kwako, au na sadaka ya kuku, au na kuvua viatu, ingawa sisi tunavua viatu na tutaendelea kuvua. Waefeso 2:8-9 inasema wokovu ni zawadi ya neema, unapokewa kwa imani, mtu asipate la kujivunia. Tunatii kwa sababu tumeokolewa. Anayetii ili aokolewe amerudi kwenye miko ya msituni: moja ikivunjika, kinga yote imekwisha.

Ndiyo sababu jibu tulilompa yule mama lilikuwa kosa la imani, si kosa la adabu tu. Tulimfundisha kwamba mtoto wake alikuwa salama kwa miko, akafa kwa mwiko. Matendo 12 inasemaje? Herode alimuua Yakobo kwa upanga. Katika sura hiyohiyo malaika alimtoa Petro gerezani. Wote wawili walikuwa mitume, na Bwana wao alikuwa mmoja. Yakobo alivunja mwiko gani? Biblia haitaji hata mmoja. Na Elisha, aliyemponya Naamani ukoma, alikufa kwa ugonjwa (2 Wafalme 13:14). Mashimo ya madini yanapoporomoka Rubaya, hufa mlevi na mwombaji pamoja. Yesu aliulizwa juu ya watu kama hao, akataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kusema kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine (Luka 13:4-5). Aliwaita wote watubu. Kuahidi kwamba muumini hapigwi risasi ni kumsemea Mungu neno ambalo hakulisema. Alichoahidi ni kwamba risasi haitatutenga naye (Warumi 8:35-39), na ahadi hiyo imewabeba wengi wetu tangu damu ilipomwagika sokoni Ntoto mwezi wa 3, 1993, na vita vikapanda hadi Masisi, na tena M23 ilipoingia Masisi na kisha Walikale mwaka 2025.

Kuna jambo moja bado, na litawauma wengine. Mpatanishi akiwa mmoja, basi Muhunde na Muhutu, Munyanga na Mututsi, Mukano na Mutembo, wote wanapita mlango uleule. Waefeso 2:14-16 inasema Kristo alibomoa ukuta kwa mwili wake. Mganga ana maji ya kabila, akiwalinda vijana wa huku wawapige wa kule. Damu ya Yesu haina kabila. Tuliposhika chupa usiku ule na kummwagia yule kijana, hatukuwaza hata kidogo juu ya yule ambaye angempiga, ambaye labda naye ana mama anayeimba Jumapili. Wanaokwenda vitani, hatuandiki hapa juu ya haki yao au kosa lao, wachungaji wakutane nao uso kwa uso. Lakini baraka ya kuua haitatoka tena mikononi mwetu.

Tulikwenda kwa yule mama. Tulichelewa, vita vilikuwa vimemhamisha mara mbili, tukamkuta kwa shemeji yake akichambua maharagi. Tulimwambia kwamba tulimdanganya, kwamba mtoto wake hakufa kwa mwiko, na kwamba aliyemwamini Yesu yuko kwa Yesu. Alilia sana. Kisha akatuuliza kama anaweza kurudi kushiriki meza ya Bwana, kwa sababu tangu siku ile alijiona mchafu na hakuna aliyekwenda kumwambia vingine. Hatukuwa na neno. Tulipiga magoti pamoja naye.

Basi, kwa idhini ya wazee, tunatangaza haya. Maombi yote ya hadhara yatafungwa kwa jina la Yesu Kristo peke yake. Jina la mwanzilishi litatajwa katika shukrani, si katika kuombea. Maji hayatamwagwa juu ya mtu yeyote anayekwenda vitani, wala hayatauzwa, wala hayatabadilishwa kwa kuku. Picha ya mwanzilishi itabaki katika ofisi ya kanisa na itaondolewa nyuma ya mimbari. Wagonjwa wataendelea kuwekewa mikono na kupakwa mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, na wapelekwe pia kituo cha afya bila kucheleweshwa. Ibada ya toba ya mashemasi itakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao katika kila kikundi, na meza ya Bwana itafuata. Yeyote aliyeambiwa na sisi kwamba mtu wake alikufa kwa sababu ya mwiko, aje akae mbele. Bidoni za maji ziachwe nyumbani.