Nani Amjibie Mgonjwa?

Ndugu msomaji, nataka nikuulize suali moja, na nakuomba usilijibu haraka. Mtu akisema "mimi ni mzima" na kumbe si mzima, na mwengine akayaandika maneno yake vile vile alivyoyasikia, je, mwandishi huyo amesema kweli au amesema uwongo?

Suali hili lilinijia Maruku, wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera, kwao mke wangu. Ni nchi ya migomba. Nyumba zimejificha ndani ya vibanja, na jirani humwona jirani akimwendea tu. Huko ndiko anakokaa baba mkwe wangu, mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyepasuliwa tezi dume.

Msomaji mwanamume mwenye umri anaijua tezi hii, na kijana ataijua. Imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na ikikua katika uzee huubana. Mgonjwa akishapasuliwa hutiwa mpira wa mkojo kwa siku kadhaa. Ukishatolewa, damu iliyoganda yaweza kuiziba njia, au damu mpya ikatoka hata katika wiki ya pili, naye amekwisha kurudi kwake na watu wameacha kumwangalia. Kwa hivyo kumfuata mgonjwa kwa simu mpaka nyumbani si upuuzi hata kidogo.

Hospitali aliyopasuliwa mzee ilikuwa na programu ya namna hiyo. Kila asubuhi simu huuliza: Ana homa? Ana maumivu? Mkojo watoka vizuri? Kuna damu? Amekunywa maji ya kutosha? Majibu yakiwa mema hutokea rangi ya kijani. Yakiwa mabaya hutokea nyekundu, na muuguzi hupiga simu. Mzee ana kitochi tu, kisichoweza mambo hayo. Mwenye simu kubwa pale nyumbani ni mjukuu wake, binti wa miaka 16. Basi kazi akapewa yeye, na sisi wana na wakwe tulio mbali tukaunganishwa ili tuione ile rangi.

Asubuhi nne mfululizo ilikuwa kijani. Mimi niko Tanga, naitazama baada ya sala ya alfajiri, nasema alhamdulillahi, kisha naenda zangu kazini.

Siku hiyo ya nne, jua limekwisha kupanda, alikuja mzee wa rika lake kumjulia hali. Hakuwa na suali lolote la kitabibu. Alikaa tu. Akaona chai imepoa haikuguswa, na mwenyeji wake ameketi upande upande. Akawatoa watoto nje, akamuuliza. Ndipo mzee aliposema kwamba tangu usiku mkojo unatoka kwa matone, na kwamba ameacha kunywa maji ili asiwe na haja ya kwenda msalani. Maji aliyoamrishwa kuyanywa ndiyo aliyoyakimbia! Ikakodiwa gari, akarudishwa hospitali, akatiwa mpira tena na damu iliyoganda ikasafishwa. Mwenyezi Mungu alimsalimisha.

Nilipofika Maruku nilimuuliza yule binti, si kwa ukali. Akanijibu: "Nilimuuliza babu, akasema yuko salama. Nikaandika salama."

Hapo sikuwa na la kumlaumia. Kwetu pwani mjukuu na babu hutaniana, hata huitana mke na mume, walakini utani una mpaka wake. Mzee yule angemwelezaje binti mdogo habari za mkojo wake? Wanavyuoni wamempa mgonjwa ruhusa ya kumfunulia tabibu utupu wake kwa kadiri ya haja. Ruhusa hiyo haimfikii mjukuu kwa sababu tu simu ni yake. Sisi tulimwacha mzee achague baina ya sitara yake na uhai wake, wala hatukujua kuwa tumemwekea uchaguzi huo. Na mfikirie mama yako mzazi, aliyetolewa kizazi, akiulizwa na mwanawe wa kiume kama damu ingali inatoka.

Mwenye kumjibia mgonjwa ni shahidi, na shahidi husikilizwa kwa alichokiona au alichokisikia. Binti alilisikia neno moja, "salama". Sisi ndio tuliolifanya neno hilo kuwa habari ya homa, na ya damu, na ya mkojo. Na kwa nini tulipenda kulifanya hivyo? Nitakwambia ukweli wangu. Rangi ile sikuitazama kwa ajili ya mzee. Niliitazama kwa ajili yangu mwenyewe, ili nipate ruhusa ya kwenda kazini na moyo mwepesi. Siku zote nne sikuisikia sauti yake hata mara moja.

Wako watakaosema simu hizi zitupwe. Mimi sisemi hivyo. Baina ya Tanga na Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,000, na hakuna tabibu awezaye kumzuru kila mgonjwa kibandani kwake. Ng'ambo ya mto Kagera, wilayani Kirehe nchini Rwanda, kulifanywa utafiti ulioanza 2017, ambapo wahudumu wa afya wa vijijini walikwenda na simu majumbani kwa wanawake waliojifungua kwa kupasuliwa. Waliwauliza maswali na kukipiga picha kidonda ili kijulikane kama kimeingia uchafu. Huko simu iliingia nyumbani pamoja na mtu mwenye macho.

Na kwa kuwa nimetaja picha: sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi inazihesabu habari za afya kuwa ni nyeti. Kundi la ukoo la watu thelathini simuni si tabibu, jamani.

Mzee aliporudi nyumbani mara ya pili, shemeji yangu alimwachia simu yake yule jirani. Kila asubuhi wazee wale wawili walikaa peke yao, mlango umerudishwa, wakinywa maji pamoja. Siku ya kwanza jirani alibonyeza, ikatokea nyekundu, na muuguzi akapiga simu kabla ya saa tatu.