Hofu Haisikii Hoja

Mama mmoja wa usharika wetu alitujia ofisini akiwa anasubiri majibu ya kipimo. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na daktari alikwisha kumwambia kwamba uvimbe wa namna ile mara nyingi si saratani. "Nimemwelewa, Mchungaji," alisema, "lakini usiku silali." Tukamjibu kama tulivyozoea kuwajibu wengi: usiogope, mwamini Mungu. Akashukuru, akaondoka. Siku ya Chakula cha Bwana hakuonekana. Tulipomtembelea alituambia kwa sauti ya chini kwamba mwenye hofu kama yake hana imani, na asiye na imani ataikaribiaje Meza ya Bwana?

Swali lake lilituhukumu. Tulimpa amri pale alipohitaji mtu wa kukaa naye, naye akaibeba amri ile kama mzigo wa pili. Ndipo tukajiuliza: kwa nini hofu haiondoki kwa maelezo, hata yakiwa ya kweli?

Sababu ya kwanza imo katika mwili tuliopewa na Muumba. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tukiona kitu kirefu njiani, mguu hurudi nyuma kabla akili haijauliza kama ni nyoka au kamba. Wataalamu wanatufundisha kwamba ndani ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hushiriki kupiga kengele ya hatari kabla fikra hazijamaliza kupima mambo. Kengele hiyo imeokoa wengi. Lakini ikiisha kulia, moyo ukaenda mbio na usingizi ukakimbia, hoja nzuri hufika kama mgeni aliyechelewa.

Sababu ya pili ni kwamba wasiwasi hudai kitu ambacho akili haina. Akili husema "yamkini" na "mara nyingi". Wasiwasi hutaka "hakika". Daktari akisema wengi hupona, mwenye hofu husikia kwamba wapo wasiopona, na tayari amejihesabu kati yao. Kila jibu huzaa swali jingine, maana kesho haimo mikononi mwa yeyote kati yetu.

Sababu ya tatu ni kwamba hofu nyingi zina mizizi katika upendo. Mama yule aliogopa watoto wake wadogo watabaki na nani. Ni hoja gani ingemwondolea hofu hiyo bila kumwondolea na upendo wake?

Tumtazame Elia katika 1 Wafalme 19. Ametoka kuuona moto wa Bwana ukishuka Karmeli, kisha kwa tishio la Yezebeli anakimbilia jangwani na kuomba afe. Kama ushahidi ungetosha kufukuza hofu, nani alikuwa nao kuliko yeye? Mungu hakumkumbusha Karmeli. Alimtuma malaika amguse na kumpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Maswali yalingoja hadi Horebu.

Martin Luther naye, mwaka 1527, alishikwa na ugonjwa pamoja na dhiki kubwa ya roho. Alikuwa mwalimu wa Maandiko, tena alikwisha kulitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, lakini elimu yake haikumtosha saa ile. Aliungama kwa mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, apate kusikia msamaha kwa kinywa cha mwingine. Na waliosumbuliwa na huzuni aliwashauri katika barua zake wasikae peke yao.

Hatusemi akili idharauliwe. Ni kipawa cha Mungu, nayo ndiyo iliyompeleka mama yule hospitali mapema. Lakini hoja hupimwa kwa ushahidi, na ahadi hupimwa kwa yule aliyeitoa. Imani hushika ahadi, na mkono unaoishika unaweza kuwa unatetemeka. Bwana wetu mwenyewe alihuzunika Gethsemane, akawaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Wakalala.

Tulirudi kwa mama yule tukamwomba radhi, tukamkaribisha Mezani pamoja na hofu yake. Akina mama wa jumuiya wakapeana zamu ya kulala kwake. Hofu haikuisha, ila alianza kupata usingizi kidogo. Majibu ya kipimo hatutayasimulia hapa, asije mtu akadhani kwamba faraja yetu inategemea majibu. Ila tunamwomba kila msomaji: ukimjua anayekesha kwa hofu, usimpelekee hotuba. Mpelekee uji, keti naye, na neno la ahadi ulitamke polepole, hata mara nyingi. Saa ya kwako itakapofika, nawe utahitaji wa kukesha nawe.